Ufa wa Kibirizi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mimi nilicheka nikapoteza nyumba. Sikuota. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo, na saruji mbichi mikononi mwangu.

Ziwa lilikuwa linapanda. Pale Kibirizi lilishameza vichanja vya dagaa, na mke wangu alinisihi tuhamie kwa ndugu zake Kidahwe. Nikakataa. Nikaanza kujenga ukuta wa mawe kati ya nyumba na maji.

Alasiri hiyo akateremka bibi mmoja kutoka mlimani. Miguu yake ilikuwa imelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, kijana," aliitikia, mimi na mvi zangu! "Nipishe, nakwenda nyumbani."

"Huko mbele ni maji tu. Au umeolewa na samaki mgebuka?"

Hakukasirika. Akaniuliza ziwa lilitoka wapi. Hapo, niamini, sekondari yangu ikanipanda kichwani. Nikamwambia yapo maziwa yaliyojaa kwenye midomo ya volkano, kama Ngozi kule Mbeya. Mengine yalichimbwa na barafu huko Ulaya. Viktoria limetandaa kama maji kwenye sinia. Lakini letu, na Baikal la Urusi, ni ardhi iliyopasuka, ndiyo maana yana kina kuliko mengine yote.

"Kumbe ziwa ni ufa," alisema. "Umekwisha kupasuka?"

"Bado unapanuka."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeanza na ukuta. Ufa ataziba nani?"

Nikamwambia azunguke. Hakuzunguka. Alipita katikati ya mawe kama apitaye penye pazia, na ukuta ukapasuka nyuma yake, chini hadi juu. Akaingia ziwani, na sikuona hata kiwimbi.

Mtu mwenye akili angehama jioni ileile. Mimi nilichanganya saruji, nikaziba, nisimwambie mke wangu neno. Kabla ya alfajiri maji yakaingia kwa ufa uleule. Tulitoka na nguo za mwilini. Yeye alibeba kuku wake mmoja.

Sasa tunaishi Kidahwe, mbali na maji. Chumbani mwetu kuna ufa mwembamba ukutani. Nikiuziba, unarudi. Ziwa likipanda, unalowa na kunuka dagaa. Mke wangu amesogeza kitanda kuacha njia, na kila akizima taa husema, "Pita, bibi."

Basi wewe unayejenga ufukweni, akija mwenye miguu iliyolowa akakwambia nipishe, usimfundishe jiografia. Mpishe.