Weka Shoka Chini Kwanza

Nisameheni kwa mwandiko huu unaolala upande, na kwa maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la nane na ninaandika polepole. Kuongea mbele za watu ndiko kunanishinda kabisa.

Kwetu ni karibu na Itumbe, tunalima majani chai. Baba hakuwa mlevi. Alimpiga mama siku ambazo majani yetu yalikataliwa kwenye kituo cha kununulia. Nikimwona baba anapanda njia na kikapu bado kimejaa, taya zangu zilikaza. Nilichukua shoka nikapasua kuni, hata kama zilikuwepo za kutosha. Nilidhani hiyo ndiyo dawa.

Huku kijana akishatahiriwa hulala kwenye kibanda chake, na chumba cha wazazi wake haingii tena. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Baba aliijua vizuri. Ndiyo maana alimpigia mama chumbani.

Ijumaa moja mchana alimwaga kikapu chote mlangoni.

"Haya ni majani chai ama ni sukuma wiki? Nani alikwambia uchume haya?"

Akamburuta mama kwa kitambaa cha kichwa mpaka ndani. Nikasikia mpini wa jembe ukitua. Ukatua tena, na kitu kikavunjika. Mama aliniita, mara mbili, halafu akanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulinipeleka mlangoni, na shoka mkononi.

Nyanya, mamake baba, alikuwa uani akimenya ndizi.

"Wewe mume wangu," akasema, kwa kuwa wajukuu wa kiume wote ni waume zake, "unaenda wapi na hilo shoka?"

"Anamuua, nyanya."

"Na wewe unaenda kumuua nani? Weka chini kwanza. Kisha piga nyumba. Nyumba haina chinsoni."

Nikaliweka. Nikazunguka nyuma, nikapiga mabati ya chumba kile kwa ngumi, kwa viwiko, kwa kichwa, nikipiga mayowe ambayo sikujua ninayo. Mabati yalinichana mikono hadi damu ikachuruzika kwenye mikunjo yake. Majirani wakaja mbio kutoka mashambani. Baba akatoka, akanipiga mpini hapa juu ya jicho, nikaanguka. Alipoinua tena, aliona uani pamejaa watu. Mpini ukabaki juu, kisha akauacha uanguke.

Mama walimtoa wanawake. Mkono ulikuwa umevunjika na sikio limechanika, lakini alikuwa anapumua.

Yuko hai. Anachuma kwa mkono mmoja zaidi ya mwingine. Baba hajamgusa tena, ila sauti yake ikipanda bado taya zangu zinakaza, na macho yangu yanatafuta shoka liko wapi. Hapo naweka chini chochote nilichoshika, hata kikombe, na kutoka nje nipumue.

Wewe unayesoma, kama kwenu pia kuna sauti kama hiyo, niandikie. Niambie mikono yako huwa unaipeleka wapi. Nitajibu, ingawa nitachelewa.