Nthenya Alikufa Mara Nne Kabla ya Saa Tisa

"Kanini, hebu niambie ukweli. Mimi nilikufa lini?"

Hivyo ndivyo jirani yangu Nthenya aliniuliza, amesimama mlangoni mwa holi ya kanisa hapa Kwa Vonza, gunia tupu begani.

Sikucheka. Ana miaka sabini na tatu, na wajukuu wanne waliolala na uji mtupu.

Siku hiyo lori ya chakula cha ukame ilikuwa imekuja. Karani, mama mmoja anaitwa Kagure, alikuwa na laptop mezani. Jina lako likitokea, unabeba mahindi na maharagwe. Lisipotokea, rudi nyumbani. Saa tisa wanafunga.

"Shosho, mtandao unasema ulifariki," Kagure alimwambia.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, pamoja na mwenzangu Katunge. Tulipewa simu za kazi. Tunazunguka maboma tukijaza habari za kila familia. Penye hakuna network simu inaweka, halafu tukifika sokoni tuna-sync, zinaenda kwa kompyuta ya ofisi.

Asubuhi hiyo, saa tatu, ni Katunge alikuwa amejaza boma la Nthenya.

"Uui, Katunge! Umeua mtu!" nikamwita pale holini.

"Aki ni kidole kiliteleza, Kanini. Nilitaka kuandika Mzee Kiilu." Kiilu ni bwanake Nthenya. Tulimzika mwezi uliopita.

"Basi rekebisha."

"Na hii simu imezima? Chaji imeisha."

Sawa. Saa sita nikatoa yangu, nikaandika Nthenya yuko hai, nika-sync. Alama ya kijani hiyo. Bwana asifiwe!

Kagure akaangalia. "Bado amekufa."

Saa saba nikarudia. Kijani.

"Amekufa."

Saa nane nikampiga hadi picha, nikatuma.

"Mama, huyu ni marehemu."

Nthenya akaguna. "Hata Lazaro alifufuliwa mara moja akaachwa apumzike."

Watu wakacheka. Mimi nikamgeukia Katunge.

"Katunge! Kila nikimfufua unamuua! Unataka mahindi yake?"

Akainua simu yake, nyeusi tii. "Si nimekuambia imezima?"

"Imezima na inafanya kazi? Basi wewe ni mchawi!"

Mimi, mjane, kiongozi wa maombi, nilitamka neno hilo mbele ya kanisa. Huku kwetu neno hilo linakufuata mpaka kaburini. Niliona wamama wawili wakisogeza viti mbali naye.

Saa tisa ikafika. Lori ikawasha injini, ikaenda.

Kagure akaomba simu yangu. Akaitazama sana.

"Mama, hii saa ni ya wapi? Inasema 9:05. Sasa ni 15:05."

"Si ni saa tisa?" nikamjibu. "Walinipa ikiwa inasema tatu wakati ni tisa. Nikaitengeneza isome vile watu husema."

Kagure akashika kichwa.

"Kompyuta inaamini habari iliyoandikwa mwisho. Simu ya Katunge, saa tatu asubuhi, iliandika 9:00. Yako saa sita mchana iliandika 6:00. Hiyo kwa kompyuta ni alfajiri! 7:00, 8:00, zote ziko nyuma ya 9:00 yake. Mama, kila ukimfufua, unamfufua kabla hajafa."



Tukarudisha saa, nikaandika tena yuko hai, tuka-sync. Nthenya akafufuka papo hapo. Ako hai kabisa kwa mtandao, na gunia ni tupu.

Wewe unayesoma, kitu kikikataa kwenda, anza kukagua kilicho mkononi mwako. Habari ya simu hurekebishwa. Neno nililomwambia Katunge, kila aliyekuwa holini alienda nalo nyumbani.

"Katunge, nisamehe," nilisema. "Nitasimama Jumapili niseme mbele ya wote."

Alifungua gunia lake mwenyewe la msaada alilopewa mapema, akamimina nusu kwa la Nthenya, akafunga kamba polepole.

Kisha akajitwika lake, akapita karibu nami kama anapita hewa, akatoka.