Mkono wa Beki Aliyestaafu

Kwenye basi la Beechmont, mtaa wetu wa wahamiaji huku ughaibuni, mzee Mzungu alikuwa amesinzia, amekumbatia fimbo bapa iliyopinda mwishoni. Mama Mkongomani mwenye mtoto mgongoni akaninong'oneza, "Mama, usiikale pale. Ile fimbo ni ya mulozi." Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kukemea uchawi kimoyomoyo.

Ghafla dereva akafunga breki. Kopo la nyanya likaruka kutoka mfuko wa abiria wa nyuma, moja kwa moja kuelekea kichwa cha mtoto. Mkono wa mzee ukalidaka, macho yake yakiwa bado yamefumba.

Alipoamka, akalishangaa kopo kuliko tulivyolishangaa sisi.

"Kwetu Ayalandi nilikuwa beki maarufu wa mchezo wa fimbo hizi, ule wa kupiga mpira kwa fimbo na kuudaka hewani kwa mkono," akasema. "Mimi nilistaafu. Mkono haukuambiwa."

Siku hizi, kabla sijakemea, nauliza kwanza kama si beki.