Diski Iliyokataa Kutoka

Kaka yangu aliipiga diski ya breki kama vile imemtukania mama. Nyundo yenyewe ilikuwa ile ya kuvunjia mawe, na kila ilipotua kutu ilimwagika chini, nyekundu, na mlio ukapanda kilima chote mpaka mbwa wa majirani wakaanza kubweka. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando na kipande cha waya mkononi, nikisubiri kitu kiachilie.

Gari lilikuwa langu. Nafanya kazi Kitui mjini, katika duka la mbegu na dawa za mimea, na nilikuwa nimekuja nyumbani Kilungu na diski mbili mpya pamoja na pedi za breki za nyuma. Zile za zamani zilikuwa zimelika zikaisha, chuma kinasaga chuma. Ningempelekea fundi wa Kitui, lakini kaka alishikilia kwenye simu kwamba atazibadilisha mwenyewe, nyumbani, asubuhi kabla hatujaondoka. Alitaka nione jinsi alivyotulia siku hizi. Hata mimi nilitaka sana kuona.

Maana siku hiyo tulikuwa tunakwenda Kibwezi kumrudisha mke wake. Alikuwa amekimbilia kwao na watoto, jicho limevimba likafumba. Kwetu, mke akikimbia kipigo, mume hamfuati mikono mitupu. Huenda na mbuzi, na huenda na mtu wa kumsemea. Baba mkwe wake alikuwa amekataa kusikia neno lolote kutoka kinywani mwa kaka. Alisema atanisikiliza mimi, kwa kuwa binti yake ananiamini. Nikisema amebadilika, mke na watoto wataingia katika gari letu siku hiyo hiyo. Na yule dada nilikuwa nimeshamwambia kwenye simu, si mara moja, kwamba mume wake si yule tena. Pombe ameacha, shambani anaenda, kanisani anaonekana. Niliyasema hayo kwa moyo mweupe. Ni ndugu yangu, na damu ni nzito kuliko maji.

Kazi ilianza vizuri. Tuliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, tukatia gia ya kwanza, tukainua nyuma kwa jeki. Nati zililegea kwa taabu kidogo, gurudumu likatoka. Tukafungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi, tukaining'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta usivutike. Kaka alikuwa anapiga mluzi. Ilibaki diski peke yake, na diski ikakataa.

"Hii kitu imeshikwa na kutu," alisema. "Leta ile nyundo kubwa."

Alipiga. Akamwaga mafuta, akangoja kidogo, akapiga tena. Nyundo iliteleza ikapeleka vidole vyake kwenye ukingo wa chuma, ngozi ikachubuka, damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko. Mluzi ukaisha. Mama alileta chai akaiweka juu ya jiwe, na kaka akaipiga teke bila hata kuitazama. Mbuzi wa kupeleka Kibwezi alikuwa amefungwa kwenye mpera, akalia kwa sababu ya kelele. Kaka alichukua spana akamrushia, ikampata puani. Mbuzi alinyamaza, akainamisha kichwa, damu ikawa inadondoka kwenye majani. Mama alimtazama mbuzi, akaokota kikombe chake, akarudi jikoni.

Niliogopa. Halafu nikajikaripia kwa kuogopa. Ni chuma tu, nilijiambia, na hakuna fundi asiyepiga chuma. Lakini nilikuwa namtazama uso, si mkono. Alikuwa hataki tena ile diski itoke. Alitaka kuiumiza.

Nilifungua mlango wa mbele kuchukua kitambaa ili nimfunge vidole, na hapo ndipo nikaona handbreki iko juu. Niliivuta mimi mwenyewe usiku nilipofika. Watu wa milimani hatujui kuacha gari bila handbreki. Unaivuta mpaka mkono ulie, hata kama uwanja ni tambarare, hata kama gari halina injini. Sasa gari langu lina viatu vidogo vya breki ndani ya diski za nyuma, na ukivuta handbreki vinatanuka vinaishika diski kwa ndani. Tungeipiga hadi Krismasi. Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe, kama mtu anayetafuta miwani na ameivaa.

"Kaka, acha kupiga," nilimwambia nikirudi nyuma alipokuwa. "Handbreki iko juu. Tumeishika sisi wenyewe."

Alisimama. "Unacheka nini?"

"Najicheka. Si mimi niliivuta?"

"Unanicheka mimi."

"Hapana, kaka, sikia..."

Alirusha nyundo. Ilinipita sikioni, ikavunja kioo cha mlango wa nyuma, na kabla vigae havijaisha kuanguka alikuwa amenifikia. Ngumi ya kwanza ilinipata begani, nikazunguka. Ya pili iligonga gari. Kisha akanishika shingo kwa mikono miwili, akanibana kwenye bodi, akawa ananisukuma na kunivuta, kichwa changu kinagonga bati, na gari zima linatikisika juu ya jeki. Nilisikia jeki ikiteleza. Gari likaanguka kwa kishindo, chuma kikachimba ardhi karibu na unyayo wangu, na hata hapo hakuniachia. Sikuweza kupumua. Niliona uso wa ndugu yangu kwa karibu sana, na ulikuwa mtulivu. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko maumivu yote. Mkono wangu ulipapasa juu ya buti ukapata spana ya magurudumu, nikampiga nayo goti kwa nguvu zote Mungu alizonipa. Alianguka. Nikampiga tena, pajani, na ningempiga ya tatu kama mama hangetoka jikoni.

Nilikohoa mpaka nikatapika. Kaka alikaa chini, ameshika goti, anahema.

"Unaona sasa?" alisema, kwa upole kabisa. "Unaona kitu unanifanya nifanye?"

Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyasikia. Mke wake aliniambia kwamba kila akimaliza kumpiga husema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoshwa na mtoto. Nilimsikiliza siku ile, nikamwonea huruma, na moyoni nikafikiri labda anaongeza chumvi.

Mama alimtazama goti kwanza. Kisha akanigeukia.

"Mwanamke hamcheki mwanamume akiwa kazini," alisema. "Wewe unamjua ndugu yako."

"Namjua sasa, mama."

Aliingia ndani akatoka na leso yake ya kuendea kanisani. Nilidhani ni ya kupangusia damu. Akanizungushia shingoni, akaifunga vizuri, akairekebisha pande zote kama anavyomvalisha mtoto wa shule.

"Hivyo haionekani," alisema. "Maliza hiyo breki twende. Kibwezi ni mbali, na wazee wanangoja."

Kaka aliinuka akichechemea, akaokota nyundo. "Dada, tumalize basi," alisema. "Pale utaongea vizuri, sivyo? Mambo ya nyumbani yanabaki nyumbani."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilimtazama mama, nikamtazama yeye. Nilitoa simu mfukoni, nikasogea hadi kwenye mpera, nikampigia mke wake. Nilikuwa bado nimeishika ile spana, na kaka aliona, kwa hiyo hakunisogelea. Alisema tu, "Unapigia nani?" Mama naye akasema, "Kata hiyo simu. Unabomoa nyumba ya ndugu yako."

Kule Kibwezi simu ilishikwa mara moja. Nilisikia watoto wakigombania kiatu.

"Mmefika wapi?" aliuliza. "Nguo tumeshafunga."

"Zifungue," nilisema. Sauti ilitoka kama ya mzee. "Hatuji. Usirudi huku, dada. Mwambie baba yako nimesema mimi: hajabadilika."

Watoto waliendelea kugombana nyuma yake, naye akawaambia watoke nje. Nikangoja anilaumu, maana nilimpa matumaini yale kwa kinywa changu, na angelikuwa na haki.

"Amekushika shingo," alisema.

"Umejuaje?"

"Nasikia unavyoongea."

Nikalia hapo, mbele ya mama na ndugu yangu na mbuzi aliyevunjika pua.

"Usile ugali leo, hautapita," mke wa kaka yangu aliniambia, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia anayoipita kila siku. "Pika uji mwepesi, uache upoe. Ukilala, weka mito miwili. Na kesho utaamka umevimba zaidi ya leo, usishtuke, ndivyo huwa."

Nikamwambia nimesikia.