Matofali ya Watu wa Hollow

Cleotis Mabry alikuwa mbishi. Tuanze hapo, maana watu wa mji wetu wa Corliss wakimtaja nao huanza hapo. Marehemu mkewe, Ernestine, alizoea kusema kwamba ukimtuma Cleotis dukani akuletee mayai, atarudi na mayai pamoja na hoja kwa nini ulipaswa kutaka viazi. Alikuwa mwashi wa jiji kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna msimamizi aliyempenda wala aliyethubutu kumfukuza, kwa sababu ukuta wa Cleotis ukisimama umesimama.

Ijumaa moja ya Machi, akiwa amestaafu na ana miaka sabini na miwili, alikuwa amekaa katika ukumbi wa kanisa la Mount Nebo, wanakouza samaki wa kukaanga kila Ijumaa ya Kwaresima. Mbele yake kambare wawili, kabichi na kipande cha mkate wa mahindi. Dada Odessa Tuggle, bibi wa miaka themanini na minne ambaye ulimi wake ulikataa kuzeeka, akaja akamwekea gazeti juu ya sahani.

"Kaka Mabry, soma hapo."

"Niache nile kwanza, dada."

"Ukisoma hutakula. Soma."

Gazeti lilisema uwanja ulio mbele ya mahakama utang'olewa wote. Badala yake litakuja jukwaa la chuma, nyasi za plastiki, na meza za watu wanaotembea na kompyuta zao. Matofali yenye majina ya raia yamekaguliwa na kuonekana yamejengewa kwa saruji, kwa hiyo hayawezi kutolewa mazima. Yatasagwa yawe kokoto chini ya maegesho mapya ya magari. Wananchi wasihuzunike, lilisema gazeti, kwani majina yote yatapigwa picha na kuonyeshwa kwenye skrini.

Cleotis alisoma mara mbili.

"Saruji," akasema. "Nani kasema ni saruji?"

"Si wamekagua?"

"Wamekagua wapi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyeyapanga!"

Kweli, yeye ndiye aliyeyapanga, na kwa watu wa Hollow hayakuwa matofali tu. Hollow ulikuwa mtaa wa watu weusi, nyuma ya kiwanda cha matairi: nyumba mia na arobaini, makanisa mawili, kinyozi, na muuza barafu aliyekopesha kila mtu. Mama yake Cleotis alikuwa akisugua ngazi ya mlango wake kwa brashi kila Jumamosi. Wakubwa wa jiji walikuja na kalamu zao wakaandika kwamba mtaa umeoza, na mwaka wa sitini na mbili wakaubomoa kupitisha barabara kuu. Cleotis alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisimama ng'ambo ya barabara akatazama mashine ikiingia jikoni kwao, mapazia bado yananing'inia dirishani, na hasira aliyoipata siku ile hakuwahi kuiweka chini.

Mwaka wa themanini na tisa jiji likataka uwanja mzuri, na kama ilivyo desturi ya miji yetu, likawauzia raia matofali: unatoa dola ishirini na tano, jina lako linachongwa, watu wanalikanyaga milele. Watu wa Hollow, ambao wakati huo walikuwa wametawanyika kila pembe, walinunua kwa wingi. Wala hawakuandika majina peke yake. Waliandika na anwani za nyumba zisizokuwepo tena. Familia ya Womack, Cutler 416. Familia ya Tuggle, Cutler 418. Cleotis alipopewa kazi ya kuyapanga, aliyapanga jirani kwa jirani, mtaa kwa mtaa, kama walivyokuwa wakiishi. Asiyejua aliona uwanja. Mwenyeji wa Hollow aliweza kutembea pale Jumapili baada ya ibada na kumwonyesha mjukuu wake mlango wa nyumba yao.

Sasa sikia ubishi wake. Ramani ya mhandisi ilisema matofali yalazwe kwenye saruji. Cleotis aliyalaza kwenye mchanga. Kuna sababu aliyokuwa ameiweka mdomoni, iwapo angeulizwa: baridi ya kwetu hupasua saruji, mchanga hupumua. Sababu ya moyoni ilikuwa nyingine. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alijua jiji hili huchoka na vitu vyake kila baada ya miaka thelathini. Alitaka siku hiyo ikifika, watu wa Hollow waweze kuondoka wazima. Msimamizi hakukagua. Cleotis akasaini fomu kwamba ramani imefuatwa, akaenda kula chakula cha mchana, na hakumwambia mtu hata Ernestine.

Alimwambia Odessa siku ile, mbele ya samaki aliyepoa. Odessa alimkazia macho.

"Ulisaini karatasi ya jiji ya uongo?"

"Nilisaini."

"Watakunyang'anya pensheni, Cleotis."

"Na wajaribu."

Baraza la jiji lilikutana Jumanne saa kumi na mbili jioni. Kwetu raia anayetaka kusema hujaza kadi mlangoni, na akiitwa hupewa dakika tatu. Mbele yake kuna taa: ya kijani, ya njano, kisha nyekundu, na ikiwaka nyekundu huna tena mdomo. Madiwani wetu wameipenda sana taa hiyo. Wapo ambao katika kikao kizima hawatazami kitu kingine.

Wa kwanza kusema, ambaye taa haikumhusu, alikuwa Brent Halvorsen, mkurugenzi wa mradi, kijana mwenye soksi za rangi rangi na heshima nyingi. Alikuja na ndoo. Akatoa matofali yaliyovunjika vipande, saruji imeyang'ang'ania nyuma kama wali ulioungua chini ya sufuria.

"Tulijaribu kwa uangalifu mkubwa," akasema kwa huzuni. "Kama mnavyoona, haiwezekani."

Cleotis alikuwa amekaa mstari wa pili. Alinyoosha shingo akasoma kipande kimoja, akasoma cha pili, kisha akaangua kicheko ambacho kilisikika hadi kwenye lifti.

"Bwana!" Mwenyekiti, Bi Joyce Pulaski, akagonga nyundo yake. "Subiri zamu yako."

Zamu ikafika. Cleotis akasimama, taa ya kijani ikawaka.

"Naitwa Cleotis Mabry. Hayo matofali niliyalaza mimi. Kijana, hebu wasomee waheshimiwa jina lililo kwenye hicho kipande."

Halvorsen akakigeuza. "Kampuni ya Bima ya Landreth na..." Akasita.

"Na Wana. Na hicho kingine?"

"Benki ya Akiba ya Corliss."

"Umechimba ukingoni, kijana. Ukingo wowote wa uwanja hutiwa saruji, ili ya katikati yasitembee. Ni kama mdomo wa sinia. Na ukingoni ndiko kunakoonekana kutoka barabarani, kwa hiyo ndiko walikonunua matajiri. Umevunja benki, umevunja bima, na ukiendelea kushoto kidogo utamvunja baba yake diwani Landreth aliyeketi pale."

Ukumbi ulicheka. Diwani Landreth hakucheka.

"Huko katikati," Cleotis akaendelea, "ni mchanga mtupu. Yanatoka kwa mkono."

Bi Pulaski alivaa miwani. Alikuwa mwanamke wa haki kwa namna yake, binti wa fundi bomba, ila aliamini karatasi kuliko watu. Akaagiza ramani ya mwaka themanini na tisa ionyeshwe ukutani. Ikaonyeshwa: saruji, kotekote. Na chini yake fomu.

"Bwana Mabry, saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Inasema ulifuata ramani."

"Inasema hivyo."

"Kwa hiyo ulilidanganya jiji?"

Odessa alifumba macho. Cleotis aliiwaza pensheni yake, maana ndiyo iliyowasha moto nyumbani kwake wakati wa baridi, na hakuwa na nyingine. Kisha akapiga moyo konde.

"Ndiyo, mama. Nilidanganya karatasi. Tofali sikulidanganya. Miaka thelathini na minne watu wanapita pale na viatu virefu, na vigari vya watoto, na theluji juu yake, na hakuna hata moja lililozama. Unataka kunishtaki, anwani yangu mnayo. Lakini msiseme kwamba hayawezi kutoka, kwa sababu mimi ndiye niliyehakikisha kwamba yataweza kutoka. Mlitubomolea nyumba, na sisi tumesimama kando tunatazama. Mama yangu hakupewa hata nafasi ya kushusha pazia. Nikajiambia, safari hii..."

Taa nyekundu ikawaka.

"Muda wako umekwisha, Bwana Mabry."

"Mpe wangu," akasema Odessa kutoka mstari wa pili.

"Mama, kanuni inataka kadi..."

"Hii hapa kadi." Odessa aliinuka polepole, akishika kiti cha mbele, na kunyanyua bunda zima hewani. "Na hii ya Dada Womack. Na ya mchungaji. Na za wanakwaya, sauti ya kwanza na ya pili. Zipo ishirini na sita, tumezijaza tangu saa kumi, na sote tunampa yeye dakika zetu. Kanuni yenu ya nane inaruhusu. Nimeisoma. Mie nalala saa chache siku hizi, mama, nina muda wa kusoma. Wewe je?"

Bi Pulaski alimtazama karani. Karani akafungua kitabu, akapekua, akatikisa kichwa kukubali. Diwani mmoja akachungulia saa yake kwa uchungu.

"Sihitaji zote," Cleotis akasema. "Nahitaji kesho saa tatu asubuhi. Njooni uwanjani. Mje na kisu cha kupakia siagi."

Walikuja. Bi Pulaski alikuja kwa miguu, madiwani wanne kwa gari, na watu wa Hollow na watoto wao na wajukuu wao wakajaa nje ya uzio wa mkandarasi, wengine wamekuja na visu kweli. Halvorsen alikuwepo, amevaa kofia ngumu. Cleotis alimpeleka hadi katikati, akampa kisu cha jikoni kwake.

"Ingiza hapo kwenye ufa. Usibenue kwa nguvu. Tikisa, kama jino la mtoto."

Halvorsen alichutama, akatikisa. Mara ya kwanza kisu kiliteleza. Mara ya pili tofali likasogea, na mara ya tatu likainuka mkononi mwake, zima, kona zote nne kali kama siku lilipotoka tanuruni. Chini yake palikuwa na mchanga mkavu na sisimizi wawili waliokasirika. Akaligeuza akasoma kimya: Familia ya Womack, Cutler 416. Nje ya uzio mtu alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Laiti ningejua," Halvorsen akasema.

"Hukuuliza," Cleotis akamjibu.

Kura ya kuyaokoa matofali ilipita, tano kwa nne. Sitadanganya kwamba tulishinda kila kitu. Jukwaa la chuma lilijengwa, na nyasi za plastiki zipo, kiangazi zinanuka kama ndoo mpya. Matofali ya Hollow yalipewa njia ndefu upande wa kusini, baina ya kingo mbili za mawe. Cleotis aliona ni dharau, akasema hivyo kwa mwandishi wa gazeti na kwa meya na kwa mtu yeyote aliyesimama karibu. Wakili wa jiji alimwandikia barua ya kurasa mbili kuuliza juu ya ile saini. Alijibu kwa mstari mmoja: Ndiyo, nilifanya, na nina akili timamu. Hawajamwandikia tena, na pensheni inaingia, lakini kila tarehe mosi anakwenda benki kuhakikisha.

Kazi ya kuyapanga upya ilitangazwa kwa wakandarasi. Watu wa Mount Nebo walikwenda barazani na kadi zao sitini, na taa nyekundu ikawaka na kuzimika hadi balbu ikachoka, mpaka ikakubaliwa kwamba atayapanga Cleotis Mabry.

Asubuhi ya kwanza alifika na mwiko, nyundo ya mpira, pima maji, na gunia la kwanza la mchanga. Odessa aliletewa kiti, akakaa na kofia yake ya kanisani kusimamia majirani. "Womack kwanza," akasema. "Halafu sisi. Usimweke yule Prentiss karibu yetu, mama hakumpenda."

"Nitamweka alipokaa," Cleotis akasema. "Kagombane naye mbinguni."

Halvorsen alikuja mbio kutoka ofisini, ramani mpya mkononi, kubwa kama shuka. Uso wake ulikuwa na haya.

"Mzee Mabry, samahani sana. Wahandisi wamesisitiza. Safari hii lazima iwe saruji. Imeandikwa hapa, na hapa, na hapa pia. Nakuomba, fuata ramani."

"Hebu niione."

Cleotis aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma yote, kuanzia juu hadi chini, bila haraka, akafuatisha mistari kwa kidole, akauliza alama moja ilikuwa na maana gani, akaelezwa, akashukuru. Kisha akaikunja mara nne, akaikunja tena, akaiweka chini penye mawe, akaiwekea goti la kushoto ambalo lilikuwa likimuuma tangu majira ya baridi, na kumwaga mchanga.