Nyumba ya Nyusi

Wenzangu mliofika mji huu wa Buffalo kama wakimbizi mkiwa wadogo, mnaikumbuka ile baridi ya kwanza? Koti la msaada linafika magotini, pua zinachuruzika, na mbele yetu nyumba za mtaa wa Black Rock, za mbao, kuukuu, kila moja na sura yake. Mama hakujua kusoma, hata namba za milango. Alituambia, "Muache namba. Muangalie kichwa ya nyumba."

Basi tukazipa majina. Ukishuka kwenye basi unaanza na Kofia, ambayo paa lake lilishuka karibu wima pande zote na kufunika ghorofa ya juu, vidirisha vikichungulia humo. Halafu Mnara, yenye kibaraza kilichozunguka kona, mnara wa duara ubavuni, na rangi kama kitenge cha sikukuu. Yetu ilikuwa Nyusi. Madirisha marefu membamba, kila moja na upinde juu yake, ungedhani nyumba inashangaa.

Mimi na kaka yangu Amani tulishindana. Anayeiona Kofia kwanza anapiga kelele, aliyeshindwa anabeba mifuko ya maduka ya Grant Street, yenye ndagala, vile vidagaa vikavu, zilizonuka basi zima. Wee, watu walikuwa wanahama viti! Nyumbani tunakuta sombe, majani ya muhogo, inachemka, na Mama keshafungua mlango.

Miaka baadaye, chuoni, mwalimu akatuonyesha picha za nyumba zilezile. Kumbe Kofia ni mtindo wa Milki ya Pili, uliotoka Ufaransa. Mnara ni wa Malkia Anne, na Nyusi ni wa Kiitaliano. Nilipomweleza Mama, alicheka mpaka akashika mbavu, akachomekea na Kifaransa chake. "Bon, Waitaliano wanaishi kwangu na hawalipe kodi?"

Watoto wa leo sasa! Mwanangu Baraka, simu ikizimika, hafiki hata dukani.

Na Mama siku hizi anasahau. Amani alimchukua kuishi naye mji wa Columbus, mtaa mpya, nyumba zote zimefanana kama mayai kwenye trei. Siku moja Mama alitoka kuota jua, akashindwa kurudi. Walimkuta ameketi kwenye ngazi za watu, analia. Amani akasema tumpeleke makao ya wazee. Nikamwambia, ngoja kwanza nimrudishe Black Rock. Asipopatambua, nitakubali.

Njia nzima aliniita kwa jina la marehemu dada yake. Iliniuma, jamani, lakini sikumsahihisha. Baraka alikuwa kiti cha nyuma na simu yake. Tuliipita Kofia, Mama hata hakugeuka. Mnara wameuvisha vibao vya plastiki nyeupe juu mpaka chini, rangi zile zote hakuna tena. Tukaupita nao vilevile. Machozi yalianza kunilenga. Nilipofika kwetu kwa zamani nikapunguza mwendo, ila sikusimama, makusudi.

Mama akagonga kioo. "We Furaha! Unaenda wapi? Donc, umesahau kwetu? Nyusi ni ile!"

Furaha ndiyo mimi. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, nikalia bila aibu.

Baraka akainua kichwa, akauliza kwa Kiingereza ni ipi hiyo. Bibi yake akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea yale madirisha.

"Angalia muzuri, mutoto. Siku moja ni wewe utamurudisha mama yako hapa."