Nyumba Ndani ya Mwamba

Mto ulipobeba nyumba yetu ya zamani, watu waliokuja kutupa pole walituambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Niliichukia methali hiyo. Mimi ni fundi wa mawe, nachonga misalaba na majina ya makaburini hapa Uvira, na siku hiyo nilijiapiza kwamba nyumba yetu nitaizoa, tena mahali ambapo maji hayatafika.

Tulihamia Songo, kwenye kiwanja kinachoegemea mlima. Nyuma ya choo kulikuwa na mwamba. Nikaanza kuuchimba kwa tindo na nyundo kila nilipotoka kazini. Nikatoboa mlango, nikaingia, nikaendelea. Sikutaka pango. Nilitaka nyumba yetu ile ile: chumba cha mbele na viti vyake, ujia mwembamba ambao tulikuwa tunaupita kwa ubavu, jiko na mafiga yake na kiti cha mama, kinu, mtungi, kitanda cha marehemu baba kilichobonyea upande mmoja. Vyote nivichonge kutoka mwamba ule ule, na mtu atembee katikati yake jinsi tulivyokuwa tukitembea.

Lakini huku kwetu mtu akionekana anachimba mlima, hakuna anayeuliza anachonga nini. Wanauliza amefikia wapi. Vifusi vyangu vilianza kupotea alfajiri: majirani walivibeba kwa mabeseni kwenda kuviosha mtoni, wakitafuta dhahabu. Niliwaachia, walinipunguzia mzigo. Kilichoniudhi ni neno lao.

"Fundi, shimo iko inaendelea?"

Shimo! Hata mama alisema hivyo. Macho yake yalikuwa yamefifia, akawa anaona mwanga tu, na nilimsihi mara nyingi aingie kabla mwanga wenyewe haujamwishia.

"Minye siwezi ingia mu shimo," alinijibu. "Mu shimo banaingiza maiti."

Kisha shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akatuma ujumbe: Jumapili baada ya misa angekuja kuangalia, na kama ni mgodi, vijana wangeujaza udongo jioni hiyo hiyo. Niliogopa wiki nzima, lakini nyundo sikuiweka chini. Nilimalizia mlango wa jikoni. Baba aliujenga chini mno, na kila mgeni aligonga paji la uso hapo. Nikauchonga chini vile vile.

Shefu alikuja na tochi, na nusu ya mtaa nyuma yake. Wengine walibaki nje. Yeye aliingia moja kwa moja, akimulika kuta kutafuta dhahabu. Nikamfuata. Alipofika jikoni aligonga kichwa, akatoa tusi lisilofaa siku ya Bwana. Huko nje watu wakacheka.

"Hii ni shimo tu," alisema akijisugua paji. "Tutajaza."

Mama alikuwa uani kwenye mkeka wake. Alisikia kicheko, akauliza kuna nini. Walipomwambia shefu amegonga kichwa kwenye mlango wa jikoni, alitaka fimbo yake. Mimi nilichosikia ni ile fimbo ikigota penye mlango wa mwamba, kisha sauti yake.

"Hodi."

"Karibu, mama," nikasema.

Alikuja akipapasa ukuta. Kwenye ujia akageuka ubavu. Alipofika mlango wa jikoni akainamisha kichwa, na hakuna aliyemwambia ainame. Nilitokwa na machozi mbele ya shefu na sikujali.

Mama aligusa mafiga, moja moja. Kisha akageukia mwanga wa tochi.

"Ni nani iko hapa?"

"Ni minye, mama. Shefu."

"Nani alikukaribisha?"

Shefu akaishusha tochi.

"Weye uliingia mu nyumba ya batu bila hodi. Toka kwanza."

Nilidhani shefu angekasirika. Lakini naye alilelewa na mama yake. Aliinama sana kupita ule mlango, akatoka hadi nje kabisa, tukamsikia akiwanyamazisha watu.

"Hodi," akaita.

Mama alipapasa kwanza hadi akakipata kiti chake cha jiwe, akaketi, akaweka sawa kitenge magotini.

"Karibu," akasema. "Chunga kichwa."